Kinga ya Daraja la Pili na Kitanda cha Mama Mkwe

Barnaba Khisa,
Ghala la Mahindi, Nakuru.
(Kwa sasa: uani, Nyumba ya Wagonjwa ya Umoja, Bondeni.)

Aprili 1957

Kwa Bwana Nderitu,
Katibu, Umoja wa Kinga ya Maradhi,
Nakuru.

Mheshimiwa Katibu,

Kuhusu: Kitanda nilichokilipia nisichoweza kukilalia

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Kama si mzima, basi natumaini hukulazwa pamoja na mama mkwe wako.

Mimi ni mwanachama wenu halali, yule mnene wa ghala la mahindi aliyesimama kwenye mkutano wa mwaka mpya akauliza kama kinga yenu inahusu upara pia. Mlicheka sana, nami nikacheka, ingawa mpaka leo sijajibiwa. Lakini leo siandiki juu ya upara. Naandika nikiwa nimeketi kwenye kiti katika ua wa Nyumba yenu ya Wagonjwa, mwavuli mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia, na mshipa umeshuka mahali ambapo mshipa hushuka. Wewe ni mwanamume, umenielewa. Ndani ya nyumba kuna kitanda changu. Kimetandikwa, kina blanketi jekundu, kina hata mto. Nakiona kupitia dirisha. Siwezi kukilalia.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama ulivyotufundisha mkutanoni, ili kamati isipotee njiani.

1. Juu ya namna nilivyochagua

Wakala wenu, kijana Micah, alikuja na baisikeli kwenye lango la ghala saa ya chakula, akatukuta tunakula. Akatueleza kwamba kinga ni ya mtu mmoja mmoja, kila mtu na kadi yake, na kwamba ina madaraja matatu. Mwenye daraja la kwanza akiugua anajichagulia hospitali na daktari. Mwenye daraja la pili akiugua Umoja ndio unaomchagulia, analetwa kwenye Nyumba yenu hapa Bondeni. Mwenye daraja la tatu anapewa dawa dirishani na kuambiwa akapumzike kwake.

Nikamwuliza ipi nzuri. Akasema, "Mzee Khisa, daraja la kwanza ni la watu wanaougua kwa fahari. La tatu ni la wenye haraka. La pili ndilo la mtu mwenye akili."

Nikatazama kushoto na kulia, nikaona mwenye akili anayesemwa ni mimi. Nikachukua daraja la pili. Si hivyo tu, kwa kuwa mimi ndimi nyapara na ndimi nisomaye magazeti, niliwasomea wenzangu masharti yote kwa sauti, mpaka yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikayafafanua, nikajibu maswali. Bwana Katibu, siku ile hata wewe ungeniajiri.

Nilipofika nyumbani na kadi yangu, mke wangu Nekoye akaitazama, akaigeuza, akasema, "Na mama je?"

Mama yake alikuwa amekuja kutoka upande wa Bungoma kutusalimia, na baridi hii ya upepo wa mlima Menengai ikamshika kifua. Nikafanya kama mkwe mwema anavyofanya. Kesho yake nikachukua kadi mbili zaidi, moja ya Nekoye na moja ya huyo mama. Na ili nisije nikaambiwa nabagua, zote nikazichukua za daraja la pili. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, na kamba niliifunga mwenyewe, kwa maandishi mazuri.

Labda kwenu mambo haya ni mepesi, basi nieleze. Kwetu mtu hapeani mkono na mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Jina lake halitamki. Ndiyo maana kwenye kadi aliliandika Nekoye, na humu baruani nitasema tu "yule mama". Tena hawazungumzi ana kwa ana. Akiwa na neno kwangu husimama nyuma ya ua wetu wa michongoma na kuuambia ule ua: "Wewe ua, mwambie mwenye nyumba kuku wake wako barabarani." Nami nauambia ua asante. Kwa njia hiyo tumeishi kwa amani kuliko majirani wote. Na kubwa kuliko yote, hawalali chini ya paa moja. Tangu afike Nakuru analala kwa jirani yetu Mama Chepkorir.

2. Juu ya maswali ya Micah

Aliniuliza kama nina meno yote. Aliniuliza kama nakohoa, kama nakunywa, na baba yangu alikufa kwa nini. Hakuniuliza kama mama mkwe wangu ni mwanachama. Naomba swali hilo liwe la kwanza, hata kabla ya jina.

3. Juu ya muda wa kungoja

Hapa sina lalamiko, nataka kusifiwa tu. Masharti yanasema mwanachama mpya asubiri miezi mitatu kabla ya kutibiwa. Nilisubiri. Bwana Katibu, sijawahi kuwa mzima kama ile miezi mitatu! Sikupanda ngazi. Sikula kwa watu. Nilivaa sweta mpaka kanisani. Ulipoisha huo muda nikafurahi kama mtu aliyefunguliwa minyororo, nikaingia ghalani, nikawakuta vijana wawili wanahangaika na gunia moja la mahindi. Nikawaambia wasimame kando, waone watu wa zamani walivyokuwa.

Nikalinyanyua. Waliona.

Kosgei, mpimaji wetu wa mizani, akapaza sauti, "Nyapara, weka chini, hilo si bibi arusi!" Nikaweka chini. Gunia lilirudi mahali pake, mshipa haukurudi. Kwa hiyo kamati isije ikauliza kama ugonjwa huu nilikuwa nao kabla ya kadi. Shahidi yupo, anaitwa Kosgei, na bado anacheka.

4. Juu ya Nyumba yenyewe

Nilifika hapa Alhamisi nikitembea kama bata. Nikaambiwa kitanda changu ni namba tatu. Nikaingia, nikaona wadi ni ukumbi mmoja, katikati mmetundika pazia la kitambaa cha marekani: huku wanaume, kule wanawake. Nikasema moyoni, safi. Nikakaa kitandani, nikavua kiatu kimoja. Nyuma ya pazia, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Nimekisikia nyuma ya michongoma kila asubuhi.

Yule mama alikuwa ameletwa wiki iliyotangulia, kile kifua kimegeuka kichomi. Mimi nilijua amelazwa, nami ndimi niliyelipia kadi na kujisifu kwayo ghala zima. Kilichonipita ni kwamba Nyumba yenu ina paa moja. Kitanda chake ni namba nne. Bwana Katibu, nilitoka na kiatu kimoja.

Sista Awuor akanifuata mpaka uani, mikono kiunoni. "Mzee, unaenda wapi?" Nikamweleza. Naye ni mtu wa Kisumu, mambo haya anayajua vizuri kama mimi, lakini akaniambia, "Huku ndani hakuna mkwe. Kuna kitanda namba tatu na kitanda namba nne. Rudi ulale." Nikamwomba anibadilishie, nipewe kitanda cha mbali kabisa, namba moja. Akasema namba moja yuko mtu aliyevunjika mguu, kwa hiyo kama nataka namba moja nimbebe. Kwa hali ya mshipa wangu nilidhani huo si utani mzuri.

5. Juu ya mahali paa linapoishia

Siku ya kwanza nilikaa barazani. Kosgei alipokuja kuniona akatazama juu, akasema, "Lakini nyapara, haya mabati ya baraza si ndiyo yale yale ya ndani?" Nikatazama. Ni yale yale, bati moja linatoka ndani mpaka nje. Nikasogeza kiti mpaka pale maji ya mvua yanapodondokea. Nekoye alipoleta chakula akasema hapo pia bado, maana maji ya paa ni paa. Nikasogea tena. Sasa niko katikati ya ua, mbele ya mlango, mahali ambapo hakuna mtu wa Bungoma wala wa Nakuru anayeweza kusema niko chini ya kitu chochote isipokuwa mwavuli.

Jioni Kosgei hunirudisha nyumbani kwa mkokoteni wa ghala, asubuhi hunileta tena. Huku njiani anawaambia watu kwamba anapeleka mahindi mabovu.

6. Juu ya adabu za Sista Awuor

Ni mfanyakazi mzuri, simkosoi. Lakini ana sauti. Jana, mbele ya wanawake waliokuja kutazama wagonjwa, alisimama mlangoni akatangaza: "Mzee wa mshipa! Daktari anakuja Jumatano, nikutayarishe ama nisikutayarishe?" Wote wakageuka. Nafikiri hata kule ndani pazia liligeuka. Naomba kwenye ubao wa wadi ugonjwa wangu uandikwe malaria. Malaria haimvunjii mtu heshima.

Tena tangu juzi kila akipita ananiambia, "Mzee, hebu sogea hapo mlangoni, watu wapite." Watu gani? Nimekaa hapa siku nzima, sijaona mtu hata mmoja akishindwa kupita. Mtu akilipia kinga afukuzwe hata uani? Nilimwuliza hivyo. Akanitazama sana, akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani akitikisa kichwa.

Neno moja la kweli aliniambia, nami naliandika kwa haki yake. Alikuja asubuhi akachutama kando ya kiti, akaongea polepole, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema, "Mzee Khisa, huo mshipa ukijikunja hautangoja Jumatano. Utakufa. Na ukifa, huyo mkwe unayemheshimu nani atamheshimu?" Nekoye alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli, na tangu pale hajanitania tena, wala hapiki kitu chenye chumvi ya kutosha. Namfahamu. Akiogopa husahau chumvi.

7. Juu ya afya ya yule mama

Nasema haya kwa heshima zote. Naamini amepona. Ushahidi ni mkoromo. Kila mchana, nikisinzia kidogo hapa kitini na kushtuka, nakuta mkoromo mkubwa ndio kwanza unaisha. Mtu wa kichomi hana pumzi ya kukoroma namna ile. Simwambii mtu aondoke, Mungu apishe mbali, mimi ni mkwe. Nauambia Umoja tu, ili Umoja ujue cha kufanya bila kunitaja.

8. Juu ya dawa ya jambo hili

Sikuandika ili nilie tu. Nimeketi hapa na nafasi ya kutosha ya kufikiri, na haya ndiyo ninayoyaomba. Kamati ichague moja.

Ya kwanza, mjenge ukuta wa mawe badala ya pazia, kutoka sakafuni mpaka mabatini.

Nimeiondoa hiyo. Nekoye anasema ukuta haubadilishi paa.

Ya pili, basi, mlikate paa lenyewe katikati kwa msumeno, muache nafasi ya kupitisha mkono. Mvua itaingia kidogo, lakini itaingia katikati ya kwao na kwetu, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Kosgei amejitolea kukata. Ana msumeno.

Ya tatu, kama paa ni ghali, mnipandishe daraja la kwanza kwa siku chache, nijichagulie hospitali, kisha mnishushe. Micah anasema mtu hawezi kuchagua daraja baada ya kuugua. Namwuliza Micah: mtu mzima atajuaje anataka kitanda gani kabla hajajua nani amelala kando yake?

Ya nne, mnitangaze kwa muda kuwa mimi si mkwe. Nilimpelekea mchungaji jambo hili. Akasema ndoa haina likizo. Nekoye akauliza, kwa upole wake wote, hizo siku ambazo mimi si mkwe yeye atakuwa nani, na ugali atampikia nani. Nikaona nami niliache.

Ya tano, na hii ndiyo naisimamia. Umoja uanzishe daraja la nne, la watu waliooa. Mwenye kadi hiyo haugui siku ambazo mama mkwe wake anaugua. Wagawane miezi: wakwe wachukue ya mvua, mama wakwe wachukue ya kiangazi. Atakayeugua nje ya zamu yake asubiri. Bwana Katibu, usicheke. Hesabu wanachama wako. Watu wetu wa magharibi wana jambo hili, watu wa Ziwa wanalo, Kosgei anasema kwao liko namna yake. Kila anayeoa anapata mama mkwe, hakuna anayepewa mke mtupu. Na kila mke anayesoma kadi ya mumewe atauliza swali lile lile la Nekoye. Baada ya mwaka mmoja vitanda vyote vitakuwa vimetandikwa vizuri, na wanaume wote wa Nakuru watakuwa wameketi hapa uani na miavuli. Mtakuwa na Umoja wa Kinga ya Maradhi usio na mgonjwa ndani. Nasema haya kwa kuupenda Umoja.

Namaliza hapa kwa sababu mvua inakaribia na mwavuli una tundu. Nisalimie kamati yote, na mhasibu, na yule mzee anayefungua mikutano kwa sala ndefu. Msalimie Micah, mwambie simchukii, lakini asipite karibu na mizani ya ghala letu. Wasalimie wa nyumbani kwako. Na kama mama mkwe wako yuko karibu, usimsalimie kwa niaba yangu, nimesalimia ya kutosha.

Ni mimi, mwanachama wako mtiifu aliye nje,

Barnaba Khisa
Kadi ya daraja la pili

Nyongeza. Bwana Katibu, barua hii ilikuwa mfukoni mwangu ikingoja stempu nilipoanguka. Nakumbuka nilisimama nisogeze kiti, mshipa ukakaza kama fundo la gunia, na matope yakapanda kuja usoni. Yaliyobaki nasimuliwa na Sista Awuor, ambaye humsimulia kila anayeingia.

Kumbe yule mama alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani siku mbili kabla. Alikuwa amefunga kitambaa, amevaa viatu, furushi liko mapajani, ameketi kando ya kitanda namba nne. Hakuweza kutoka. Nyumba hii ina mlango mmoja, na mbele ya mlango huo nilikuwa nimeketi mimi, tangu unafunguliwa asubuhi mpaka unafungwa jioni, nikingoja atoke ili niingie. Kuniambia nisogee aliona ni kumfukuza mkwe, kwa hiyo akamwapisha Sista asiniambie kitu. Nekoye naye aliambiwa kifua bado kidogo. Siku mbili nzima tuliheshimiana, mmoja ndani, mmoja nje, nusura heshima iniue.

Yule mama aliniona dirishani nikianguka. Sista anasema ndiye aliyefika kwanza, kichomi na yote, akanishika miguu, Sista akanishika mabega, wakaniingiza. Alikuwa amefumba macho njia nzima asinitazame usoni, ndiyo maana nina nundu ya mwimo wa mlango kwenye paji la uso. Nundu hiyo naomba iingizwe kwenye kadi. Daktari aliitwa kutoka mjini akaja siku ile ile, akanishona. Anasema ningechelewa kidogo tu, Nekoye angekuwa mjane.

Yule mama hakuondoka. Siku ile jioni nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili, kisha sauti: "Wewe pazia, mwambie huyo mtu wa magunia anywe uji wake ungali moto." Nikaliambia pazia asante. Pazia likafikisha. Nekoye alikuwa amekaa miguuni pangu, akalia, halafu akacheka, na uji ulikuwa na chumvi mpaka ukazidi.

Basi naondoa malalamiko yote, tangu namba moja. Msijenge ukuta. Msikate paa, Kosgei auweke msumeno wake. Daraja la nne lisahauliwe. Kumbe nilichohitaji ni mlango wa nyuma tu. Kadi zetu tatu mwakani ziwe za daraja la pili vile vile, na vitanda viwe hivi hivi.

Barua hii nimemsomea Sista kwa sauti, aseme kama ina makosa. Nilikuwa nimesahau kwamba pazia la marekani halizuii sauti. Nilipomaliza, upande wa pili ukasema: "Wewe pazia, mwambie abadilishe namba saba. Mimi sikoromi. Ule mkoromo wa mchana ulikuwa unatoka uani."